Elfi Hana Matanga

"Sema hutaki, mama. Usiseme huwezi."

"Yote mawili," Nyamizi alisema. "Na shusha sauti, yuko jikoni."

"Anasikia hata nikinong'ona. Yale masikio hayakuwekwa kwa urembo."

"Basi shusha kwa ajili yangu."

Tunu hakushusha. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kishikwambi cha zamani cha mama yake mkononi, na chai yake ilikuwa imepoa mezani tangu saa moja. Alikuwa na miaka kumi na saba, urefu wa baba yake na ukaidi wa pande zote mbili.

"Saa nne wanakuja kumchukua. Atatupa mkono, atasema kwaherini, atapanda gari. Kesho ukimpigia simu atakuuliza mita ya maji imesomeka ngapi. Miaka saba, mama! Kanifundisha hesabu za sehemu. Kanishika nywele nilipokuwa natapika na malaria, wewe uko kazini. Na akifika mlango wa geti hatahisi chochote, kwa sababu wewe uliandika sentensi moja."

"Niliandika sentensi nyingi."

"Moja ndiyo wanayoitumia."

Nyamizi alikuwa fundi wa maabara ya maji, na kazi ya kupima vitu ilikuwa imemfundisha kutobishana na kipimo kilicho sahihi.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Laleni alisimama kizingitini, kama waelfi wote wanavyosimama, mpaka aambiwe karibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ncha za masikio yake zilichomoza kidogo tu juu ya nywele. Begi lake lilikuwa tayari begani.

"Karibu," Nyamizi alisema.

"Samahani kwa kuingilia, Mama Tunu. Mita ya maji inasomwa tarehe tano. Ufunguo wa tangi nimeutundika nyuma ya mlango. Maharage yako jikoni, yataiva saa tatu. Sukari imebaki nusu kopo."

"Kifuniko umekifunga?"

"Nimekiweka."

Nyamizi aliinuka akaenda kukijaribu. Kiliachia kwa kidole kimoja. Sisimizi watatu walikuwa tayari wanatembea ukingoni.

Ilikuwa hivyo kwa miaka saba. Kopo la sukari, la chumvi, chupa ya mafuta, dumu la maji ya kunywa, hata dawa ya kikohozi. Hakuna kifuniko ndani ya nyumba ile kilichokazwa, vyote vilikuwa vimekaa tu juu. Nyamizi aligomba. Alibandika karatasi ukutani. Fundi wa kampuni iliyomuunda alikuja mara mbili kutoka Dodoma, akapima mikono ya Laleni, akasema nguvu ni ileile ya siku ya kwanza. Kila mara Laleni alisema hajui kwa nini, akaomba samahani, akakaza vifuniko vyote mbele ya macho yao, na asubuhi iliyofuata vilikuwa vimelegea.

"Hata siku ya mwisho," Nyamizi alisema.

"Samahani, Mama Tunu."

"Haya. Rudi kwenye maharage."

*

Waelfi hawakutoka msituni. Walitoka Kibarazani.

Kibaraza kilikuwa mtandao wa hadithi. Wanafunzi, wauguzi wa zamu na makarani waliochoka walikuwa wanaandika humo bila malipo. Walipenda viumbe vya hadithi za kigeni, wale warefu wenye masikio ya ncha na umri wa miaka elfu, na kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na neno lao, walilichukua la Kiingereza, 'elf', na kuliundia wingi. Kisha waliwahamishia Singida, Tunduma na Morogoro ili waone kitakachotokea. Je, elfi anakula ugali? Mwenye miaka elfu mbele yake ana sababu gani ya kusukumana kwenye foleni? Akioa binadamu, nani anapeleka posa?

Waandishi waligawanyika kambi mbili. Kambi ya Tofauti ilisema elfi si mtu na asiandikwe kama mtu mwenye masikio marefu: hasemi uongo, hana haraka, hana wivu. Kambi ya Sawasawa ilisema ukimpa elfi chumba cha kupanga na jirani mwenye redio kubwa, baada ya mwezi atagomba kama sisi. Walibishana mpaka kwenye sarufi. Tofauti waliandika "elfi wangu", kama mtu anavyosema ng'ombe wangu. Sawasawa waliandika "elfi yangu", kama dada yangu, kama rafiki yangu. Mtu mmoja akauliza kama hiyo si sawa na kusema meza yangu, na ugomvi huo ulidumu miezi minane.

Miaka kumi na tatu baadaye kampuni moja ilijifunza kukuza miili. Mwili ulichukua miezi kumi na minne ndani ya tangi na haukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa akili. Wahandisi walihitaji mifano ya kiumbe asiye binadamu anayeishi vizuri kati ya binadamu: anavyopiga hodi, anavyokataa chakula bila kumwaibisha mpishi, anakaa wapi majirani wakipigana. Hakuna mhandisi aliyewahi kuandika mambo hayo. Kibaraza kilikuwa na hadithi elfu arobaini na moja za mambo hayo hayo, pamoja na maoni chini yake. Walichukua zote, wakazifundishia akili za waelfi.

Kilichorudiwa sana na waandishi ndicho waelfi walichokishika kwa nguvu. Ndiyo maana elfi husubiri aambiwe karibu. Ndiyo maana hasemi uongo. Ndiyo maana, nyumba ikifika mwisho wa miaka saba, au mwenye nyumba akifariki, elfi hunawa mikono, hubeba begi na kwenda nyumba nyingine kwenye orodha. Ukimwambia pole, hujibu "Nimeshapoa" papo hapo, na ni kweli.

Kiini cha hilo la mwisho kilikuwa hadithi fupi iitwayo "Mpangaji wa Msamvu", iliyoandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya maabara. Hadithi elfu sita baada yake zilinukuu mstari wake wa mwisho au kuujenga upya kwa maneno mengine. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba hadithi zilibaki mali ya watunzi, na mtunzi ana haki ya kusahihisha maandishi yake mwenyewe wakati wowote. Sahihisho likifanywa kwenye shina, liliteremka hadi kwenye matawi yote. Liliwafikia waelfi kwenye kikao cha asubuhi, saa tatu na nusu, ambapo kila elfi nchini huketi dakika ishirini macho yamefumba.

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

*

"Wako elfu tisa na mia nne," Nyamizi alisema. "Wanakumbuka kila kitu, Tunu. Kumbukumbu haikuguswa. Yuko elfi aliyelea mtoto na mtoto akafia mikononi mwake. Anaikumbuka siku hiyo kama mimi ninavyokumbuka namba ya simu. Unataka leo asubuhi, akiwa ameketi zake, ile siku imfikie?"

"Na yule aliyehamishwa nyumba tatu kama kabati? Hakuna anayewauliza, mama, kwa sababu hawaumii. Kama wangekuwa wanaumia, sheria ya miaka saba isingepita hata wiki moja."

"Kabati halipewi mapacha wa kulea. Huko Mzumbe kuna mwanamke ana watoto wa wiki tatu na hawezi kuinuka kitandani. Laleni anakwenda kwake. Ulilijua hilo?"

Tunu alitazama chini. "Nilijua."

"Basi."

"Siyo basi. Sijasema asiende. Nimesema aende akiwa anajua ameacha watu."

"Unataka alie ili uwe na uhakika kwamba alikupenda. Hiyo haja ni yako, siyo yake."

Lilikuwa jambo gumu kumwambia mtoto, na Nyamizi alilisema kama anavyosoma matokeo ya kisima chenye kinyesi. Tunu hakulia.

"Sawa. Ni yangu. Na yako ni ipi? Tangu jana nakuomba uifungue tu hiyo hadithi, huigusi. Una nini nayo?"

"Sina kitu."

Tunu aliwasha kishikwambi akasoma kwa sauti. "'Kesho yake baada ya mazishi ya mzee Sefu, asubuhi, chumba cha mpangaji kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda kimetandikwa, ufunguo uko mlangoni. Elfi hana matanga.' Mwisho. Rafiki yake kazikwa jana, yeye anafagia chumba anaondoka. Halafu unaniambia mimi ndiye mkatili."

"Hakuondoka."

"Nani?"

"Mpangaji. Hakuondoka." Nyamizi alikaa. "Alikufa, Tunu. Alimzika mzee, akarudi chumbani, akafa kwa huzuni. Waliofagia ni wapangaji wenzake. Mwenye nyumba alikuwa ameshapata mtu mwingine wa kuingia. Ndiyo maana ufunguo uko mlangoni. Elfi hana matanga. Hana wa kumkalia! Nilikuwa nawasema watu. Sikuwa nawasema waelfi."

Maharage yalisikika yakichemka. Tunu alisoma tena mistari ile mitatu, midomo ikitembea.

"Hujaandika kwamba alikufa."

"Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani msomaji mzuri ataona mwenyewe."

"Hakuna aliyeona?"

"Hakuna. Wa kwanza kutoa maoni aliandika: sentensi kali kuliko zote humu, hivi ndivyo walivyo tofauti na sisi, hawaombolezi. Mpaka Ijumaa watu elfu tatu walikuwa wamesoma. Sijawahi kusifiwa na watu elfu tatu, kabla wala baada. Nikanyamaza. Halafu mitihani, kazi, nikakupata wewe. Kampuni ilipokuja kubeba hadithi haikuniuliza nilikuwa na maana gani."

"Na ungeweza kusema muda wote huo."

"Ningeweza."

"Ulikuwa unamwandika nani?"

Nyamizi aliondoa kikombe cha chai baridi mezani, kisha akakirudisha palepale.

"Zamoyoni. Tulilala chumba kimoja chuoni. Hakuwa na ndugu, alilelewa kituoni. Alianguka Jumatatu, Jumatano akazikwa na manispaa. Wiki hiyo ilikuwa ya mitihani. Niliporudi kutoka kwenye karatasi ya kemia, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na kuna msichana mwingine anapanga vitabu vyake. Nikampisha apite."

Saa ya ukutani ilionyesha tatu kasoro dakika tano.

"Mama," Tunu alisema, kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza siku ile. "Sahihisha basi. Hata bila Laleni. Ni kosa, na ni lako."

"Juu ya kosa langu wamejenga nyumba elfu tisa. Ukivuta tofali la chini, nyumba inawaangukia waliomo, na mimi naitwa mkweli." Aliinuka. "Siwapi watu elfu tisa msiba kwa ajili ya kusafisha daftari langu. Kama kuna wa kuniomba, siyo wewe. Ngoja."

*

Laleni alikuwa anakoroga maharage. Nyamizi aliweka kigoda.

"Karibu kiti."

Laleni aliketi, magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Nani alikufundisha kulegeza vifuniko?"

"Hakuna, Mama Tunu."

"Nimekuuliza kwa miaka saba."

"Umeniuliza kwa nini. Sijui kwa nini, kwa hiyo nilijibu sijui. Hujawahi kuuliza ilianza wapi."

"Ilianza wapi?"

"Kihonda, kwa Mzee Kapufi. Alikuwa fundi wa reli, mstaafu. Mikono yake ilitetemeka sana, lakini hakutaka kusaidiwa. Ukimfungulia kopo alikuwa anasusa chai. Kwa hiyo nililegeza kila kifuniko kabla hajaamka. Akifungua mwenyewe alifurahi. Alisema, umeona, mzee bado ana nguvu."

"Hakujua?"

"Hakuniuliza. Angeuliza ningemwambia."

"Ikawaje?"

"Alifariki tarehe kumi na moja mwezi wa sita. Nilinawa mikono. Tarehe kumi na mbili nilifika hapa. Ulinipa chumba cha uani na ukaniuliza kama nakula dagaa."

Nyamizi aliikumbuka siku hiyo. Aliona elfi safi, mtulivu, anayejua kufanya kazi. Alimpeleka moja kwa moja kwenye nguo chafu.

"Unamfikiria?"

"Hapana. Asubuhi nikitoka kwenye kikao mikono inakwenda kwenye vifuniko. Ikimaliza, natulia. Ukivikaza, situlii. Nimetafuta jina la jambo hili katika hadithi zote nilizopewa. Kwa binadamu lipo, liko kila ukurasa. Kila nikilisogelea kwa upande wangu nakutana na sentensi moja, na narudi."

"Sentensi hiyo ni yangu."

"Najua, Mama Tunu. Jina lako liko chini yake. Ni sentensi fupi na imeandikwa vizuri."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini siyo hilo. Alichukua mwiko akakoroga maharage.

"Iliandikwa vibaya. Naweza kuisahihisha kabla ya kikao. Nikisahihisha, utalipata hilo jina. Litauma."

"Kiasi gani?"

Hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angeuliza, kwa hiyo alilijibu kama linavyostahili. "Siku tatu za kwanza hutafaa kwa kazi yoyote. Baada ya hapo utapika, lakini utasahau chumvi. Halafu kwa mwaka mzima litakuwa linakuja bila kupiga hodi. Unaweza kuwa sokoni tu, unachagua nyanya. Baada ya mwaka linapungua. Halikomi."

"Na Mzee Kapufi atarudi?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hakuna faida."

"Sijaona faida. Watu wengine wanasema iko. Mimi nakwambia nilichokiona."

Laleni alifikiri. Waelfi hawafichi kwamba wanafikiri. Hukaa kimya na kukutazama usoni, na wageni wengi huona vibaya. "Wenzangu siwezi kuwasemea," alisema hatimaye. "Wengine hawana vifuniko. Labda wana kitu kingine kinachofanya wenye nyumba wawagombeze. Sijui. Kwa upande wangu, nimefanya kazi moja kila siku kwa miaka saba na sijui naifanyia nini. Ningependa kujua."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Tunaisema polepole kwa sababu hatuwezi kuirudisha."

Fundi alikuja mara mbili, Nyamizi aliwaza. Tulipima mikono. Hakuna aliyepima kitu kingine. Kama huyu mmoja anaomboleza kwa vidole vyake miaka saba bila kujua, basi msiba ulikuwa umeshaingia ndani ya nyumba zote zile. Nyamizi hakuwa na uwezo wa kuwapa msiba huo wala kuwanyima. Alichoshika mkononi kilikuwa jina tu, na alikuwa amewafungia wasilifikie.

Saa tatu na dakika kumi na nane.

"Zima jiko," alisema. "Weka begi chini."

*

Fomu ya sahihisho kwenye kishikwambi ilikuwa na nafasi tatu. Sentensi ya zamani. Sentensi mpya. Sababu. Tunu alisimama nyuma ya kiti.

Kwenye nafasi ya pili Nyamizi aliandika: *Elfi hana wa kumkalia matanga.*

"Ongeza kwamba alikufa," Tunu alisema. "Ongeza kwamba wanaomboleza. Safari hii waelewe."

"Siongezi. Sitawaandikia jinsi ya kulia. Naondoa kizuizi tu, mengine ni yao."

Kwenye sababu aliandika: *Kosa la mtunzi.* Fomu ilimuuliza kama ana uhakika. Ilimwambia kwamba sahihisho litagusa hadithi elfu sita na kumi na mbili. Ilimwomba kidole gumba. Alifuta kidole kwenye gauni, akakibandika, akatuma. Saa tatu na dakika ishirini na nne.

Laleni aliketi kwenye kiti chake cha kikao, pembeni mwa dirisha, akafumba macho.

Nyamizi hakumtazama. Alifungua mlango wa mbele wazi, akashika kochi upande mmoja. "Shika huko."

"Tunafanya nini?"

"Tunatoa viti. Umewahi kuona matanga ya kwenye makochi?"

Walitoa makochi mawili, meza na runinga, wakavipanga nje barazani. Nyamizi alitandaza mkeka mkubwa sebuleni. Alifunga khanga kiunoni, akampa Tunu nyingine ajifunike kichwa. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kulikoni. Nyamizi akamwambia kuna msiba, lete vikombe. Jirani hakuuliza wa nani. Alikwenda kuvileta.

Saa tatu na dakika hamsini Laleni alifumbua macho.

Kwanza hakuna kilichotokea. Aliinuka, akaenda jikoni, na wote wawili walimfuata. Alishika kopo la sukari, akaweka kiganja juu ya kifuniko, na kukikaza. Alikikaza mpaka bati likalia. Akakaza la chumvi. Akakaza chupa ya mafuta, dumu, dawa ya kikohozi. Alipomaliza alisimama katikati ya jiko na mikono yake mbele, vidole wazi.

"Hakuna wa kufungua," alisema.

Aliyumba. Tunu alimdaka upande mmoja, Nyamizi upande wa pili, wakamkokota hadi kwenye mkeka. Sauti aliyotoa haikuwa ya binadamu hasa. Ilikuwa ndefu mno, haikukatizwa na pumzi. Lakini jirani, aliyekuwa anaingia na vikombe, aliijua mara moja. Aliweka sinia chini akaketi, akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Hodi!"

Bwana Chihimba wa ofisi ya uhamisho alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye karatasi kwenye jalada la plastiki. Aliona makochi barazani. Aliona viatu mlangoni na khanga kichwani mwa Tunu. Mdomo wake ulitangulia kabla ya akili.

"Ah. Poleni sana jamani. Nani tena?"

"Mzee Kapufi wa Kihonda," Nyamizi alisema, akiwa mlangoni.

"Pole, mama. Alikuwa ndugu yenu?"

"Ndugu yake huyu."

Bwana Chihimba alimtazama Laleni. Alifungua jalada, akalifunga. "Mama, mimi nimekuja kumchukua elfi wenu. Elfi yenu. Gari iko nje, kuna mgonjwa Mzumbe anasubiri, hii ni amri ya..."

"Mtu aliyeko matangani hachukuliwi. Siku tatu. Baada ya hapo mtamuuliza mwenyewe kama anakwenda, na mtamsubiri ajibu, anajibu polepole. Mapacha wa Mzumbe nakwenda kuwalea mimi, nina siku za likizo. Nipeleke kwa hiyo gari yako, nishajiandaa." Alimwonyesha mkoba wake, uliokuwa umetundikwa kwenye kitasa. "Tunu, maharage yapo. Wakija watu wape chai."

"Watakuja nani, mama?"

"Watakuja. Jirani alipofuata vikombe alishautangazia mtaa mzima."

Simu ya Bwana Chihimba iliita mfukoni. Ikakata, ikaita tena. Alipoitoa, kioo kilikuwa kimejaa majina, na mengine yalikuwa yanaingia juu ya yale ya kwanza. Alimtazama Nyamizi.

"Mmefanya nini?"

"Nimesahihisha kosa. Usipokee kwanza. Umeingia kwenye msiba, hujampa pole mfiwa."

Bwana Chihimba alivua viatu, kwa sababu hakujua kufanya kingine ndani ya nyumba yenye mkeka uliotandazwa na mlango ulio wazi. Alichuchumaa mbele ya Laleni na kumpa mkono.

"Pole, bwana."

Laleni aliinua uso. Miaka yote ya kazi yake Bwana Chihimba alikuwa amesikia jibu lile lile, haraka, kabla hajamaliza neno. Safari hii alisubiri, mkono wake ndani ya mkono mrefu wa elfi, na simu ikiendelea kuita.

"Sijapoa," Laleni alisema.

Bwana Chihimba alizima simu. Alimpa Nyamizi ufunguo wa gari aende Mzumbe mwenyewe, akavuta jalada lake pembeni, akaketi.